Tamu ya Chebet

Juzi nilinunua mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, katika supamaketi moja mjini Nakuru. Siku hizi huuzwa ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko chekundu, ikapangwa kando ya yogati kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Niliifungua nikiwa garini, kabla hata sijafunga mkanda, na ile harufu ya moshi na mkaa wa mti uliosuguliwa ndani ya kibuyu ikanipiga puani. Haikuwa kali kama ile niliyoijua. Lakini ilitosha. Nilikaa pale na chupa mkononi mpaka askari wa maegesho akaja kugonga dirisha na kuniuliza kama naumwa.

Nilimwambia siumwi. Nilikuwa tu nimerudi kwenye umri wa miaka kumi, mahali ambapo watu wa ukoo wangu hawapendi nipazungumzie. Binamu yangu mmoja amewahi kuniambia waziwazi kwamba mambo ya mpakani yaachwe mpakani, hasa nyakati kama hizi ambapo mtu anaulizwa jina lake la pili kabla hajajibiwa salamu. Nilimsikia vizuri. Naandika hata hivyo.

Sisi ni Wakisii wa upande wa Nyamira, karibu kabisa na pale mashamba yetu yanapoishia na ya Wakipsigis yanapoanza. Ukisimama kwenye mgomba wetu wa mwisho unaona chai yao ng'ambo ya kijito, na ukiwa mgeni utadhani ni shamba moja. Sisi watoto tulijua panapokatika. Kulikuwa na miaka ya amani, watu wakiazimana jembe na kuoana, na kulikuwa na miaka ambayo watu wazima walilala na viatu miguuni. Baba Mkubwa, kaka yake baba, alikuwa na kovu la mshale begani, na ng'ombe wake wanne walivushwa kijito kile wasirudi tena. Yeye ndiye aliyetufundisha sheria za upande ule. Usiwaangalie machoni. Usile chakula chao. Na zaidi ya yote usifungue mdomo, maana wakisikia tu unavyotamka, wamekujua.

Mama yangu alizijua sheria hizo na hakuwa na nafasi nazo. Alikuwa mchuuzi wa ndizi. Kila siku ya soko alipanda pikapu pamoja na mikungu yake akaenda Kapkatet, soko la ng'ambo, na alikuwa na wateja wake huko waliomwita Mama Ndizi. Wiki ninayoisema ilikuwa wiki ya uvumi. Watu walisema huko ng'ambo kuna vikao, vijana wanahesabiwa. Baba alikuwa mbali, Naivasha, kwenye mashamba ya maua. Mama alikuwa na mimba ya miezi minane. Baba Mkubwa alikuja alfajiri akasimama mlangoni akiwa na blanketi mabegani.

"Shemeji, leo usiende."

"Ndizi zimeiva," mama akasema.

"Hujasikia yanayosemwa?"

"Nimeyasikia. Ndizi hazijayasikia."

Akanichukua mimi nimsaidie kubeba, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Nilifurahi na kuogopa kwa pamoja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka.

Pikapu ilikwama kwenye matope kilomita chache kabla ya soko. Dereva alizunguka gari lake mara tatu akitukana kwa sauti ya chini, kisha akasema tungoje trekta. Mama hakuwa mtu wa kungoja. Alijitwika kikapu cha ndizi mbivu, akanipa mfuko, tukashika njia ya mkato katikati ya chai. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani. Vichaka vilinifika kifuani, na umande ukanilowesha gauni lote la mbele. Nakumbuka mama alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa pumzi fupi, halafu wimbo ukakatika. Aliweka kikapu chini taratibu sana, kama mtu anayeweka mayai. Akakaa kwenye njia. Nilipotazama miguu yake niliona damu imeshuka mpaka kwenye ndara.

Nilipiga kelele. Nilisahau kila sheria niliyofundishwa, nikapiga kelele kwa lugha yetu, nikiita, "Baba! Baba! Baba!"

Wanawake wakaibuka kutoka kwenye chai kama waliokuwa wamepandwa humo. Walikuwa wachumaji, saba au wanane, wamefunga aproni za plastiki kiunoni na vikapu mgongoni. Wa kwanza kufika alikuwa mama mzee mwembamba, tundu za masikio yake zikiwa zimenyooshwa mpaka karibu na mabega. Alinishika akanitikisa.

"Baba iko wabi? Wabi?"

Wengine walikuwa tayari wanapekua vichaka kwa mikono, wakimtafuta mwanamume aliyeumia. Mimi nilikuwa nimekumbuka sheria. Nilifunga mdomo. Niliona nikinyamaza kabisa hawatajua sisi ni akina nani, na nikaendelea kumwonyesha mama kwa kidole huku nimeuma midomo. Yule mama mzee alitazama kidole changu, akamtazama mama aliyelala, na nikaona uso wake unafahamu.

"Hii ni ya Kisii," akawaambia wenzake. "Kwao, baba ni mama."

Basi nikajua tumekwisha. Neno moja tu, na nilikuwa nimetuuza.

Yaliyofuata yalienda haraka. Walikata fito mbili za mti wa mbulugamu, wakafunga aproni zao za plastiki, moja baada ya nyingine, mpaka ikawa machela. Walimwinua mama kwa mpigo mmoja. Binti mrefu mwenye kitambaa cha manjano kichwani alishika upande wa kichwa na hakubadilishana na mtu mpaka barabarani, hata pale tulipopanda kilima na mishipa ya shingo yake ikasimama. Aliitwa Chebet, kitinda mimba wa yule mama mzee. Barabarani walisimamisha lori lililokuwa likikusanya majani, wakamlaza mama juu ya magunia ya chai mbichi. Chebet alipanda pamoja na wenzake wawili, akakaa, akaweka kichwa cha mama mapajani. Nikakimbilia lori. Yule mama mzee akanidaka mkono.

"Wewe nakaa na mimi."

Nilimng'ata. Nasema kwa aibu, lakini nilimng'ata kwelikweli, chini ya kidole gumba, mpaka nikahisi chumvi. Hakuniachilia. Lori liliondoka na mama yangu, na mimi nikabaki nimeshikwa na mwanamke wa upande ule ambaye mkono wake ulikuwa na alama za meno yangu. Akautazama, akacheka kidogo, akasema kwa wenzake jambo lililowachekesha wote. Miaka mingi baadaye nilimuuliza alisema nini. Alisema, "Huyu mama yake hatakufa. Mtoto mwenye meno haya ana mama mgumu."

Tulimwita Gogo, yaani nyanya. Yeye aliniita Chepto, ambalo ni neno lao la msichana tu, na nadhani hakuwahi kulihitaji jina langu lingine. Nyumbani kwake palikuwa na nyumba ya mabati, jiko la udongo lililojitenga, ng'ombe watatu, na mjukuu wa umri wangu aitwaye Mercy. Mercy alikuwa na pengo mbele na udadisi usiojua adabu. Alinizunguka kama dereva wetu alivyoizunguka pikapu.

"Hasemi?" akamuuliza Gogo.

"Atasema."

Sikusema. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango nikihesabu hatua mpaka langoni. Gogo aliniletea kikombe cha maziwa kutoka kwenye kibuyu. Nilitazama ndani. Maziwa hayakuwa meupe. Yalikuwa na rangi ya majivu, yenye vidoadoa vyeusi, na yalinuka moshi. Nilikuwa nimemwona akichoma kijiti, akakisugua ndani ya kibuyu huku akinong'ona, na kwa akili yangu ile hapakuwa na haja ya ushahidi mwingine. Hiyo ilikuwa dawa. Ukinywa unasahau kwenu. Nilisukuma kikombe kwa kidole kimoja. Mercy akakichukua akakimaliza kwa mkupuo, akajifuta mdomo, akanitazama kwa huruma kama unavyomtazama mtu asiyejua kuendesha baiskeli. Gogo hakukasirika. Kumbe alikuwa akinong'ona sala.

Jioni Chebet alirudi. Alitembea polepole, kitambaa cha manjano kimelegea, na kwenye mkunjo wa mkono wake kulikuwa na pamba iliyobandikwa. Mkono wa pili alishika chupa ya soda iliyobaki nusu na pakiti ya biskuti. Walizungumza kwa Kipsigis muda mrefu, mimi nikisoma nyuso. Kisha Gogo akachuchumaa mbele yangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kwake mwenyewe, kikibadilisha herufi kadiri kilivyopenda. Dawa kwake ilikuwa tawa, na daktari alikuwa taktari.

"Chepto, mama yako iko sawa. Mtoto imezaliwa mchana, msichana. Lakini mama ilikosa tamu. Tamu yote iliisha. Sasa Chebet amempa tamu yake. Tamu mingi."

Nikatazama soda. Nikatazama biskuti. Hasira niliyoipata jioni ile sijawahi kuipata tena, na nimewahi kukasirika. Mimi nimekaa siku nzima kwenye kigoda nikilia kimoyomoyo, nikikataa chakula cha watu ili nisimsahau mama yangu, kumbe yeye yuko hospitalini anakula vitamu na Chebet. Hapo ndipo nilipofungua mdomo kwa mara ya kwanza katika boma lile.

"Mimi pia nataka tamu!"

Gogo alishtuka akakaa chini kabisa. "Wewe?"

"Ndiyo! Kwa nini mnapeana nyinyi tu?"

Macho yake yakajaa machozi, jambo lililonichanganya zaidi. "Hapana, Chepto. Wewe ni mdogo. Tamu ya mtoto hawachukui."

Hawachukui! Nikaona ni uchoyo uliopambwa. Chebet, ambaye hakuelewa kinachoendelea, alinipa biskuti zote zilizobaki. Nikazila mbele yao, moja baada ya nyingine, nikiwakazia macho. Nilikuwa nimevunja sheria zote tatu kwa dakika moja, ya kuangalia, ya kuongea na ya kula, na sikufa.

Kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, Mercy hakupoteza wakati. Tulilazwa kitanda kimoja, na kabla hata blanketi halijapata joto akauliza, "Ni kweli nyinyi mnaroga?"

"Nani amesema?"

"Kila mtu."

"Sisi haturogi. Ni kweli nyinyi mnaweka mishale chini ya kitanda?"

Mercy akafikiri. "Sijawahi kuangalia."

Tukainama wote wawili, vichwa chini, tukaangalia. Kulikuwa na maboga mawili, kiatu kimoja cha mvua, na kuku aliyelalia mayai ambaye hakupenda kusumbuliwa. Mercy alianza kucheka kwanza. Nilijaribu kujizuia, lakini kuku yule alitutazama kwa dharau ambayo hakuna mtoto angeivumilia. Tulicheka mpaka Gogo akagonga ukuta.

Asubuhi tulienda hospitalini, Gogo mbele akiwa na kibuyu, mimi na Mercy nyuma. Nesi aliniruhusu niingie dakika chache. Mama alikuwa amelala chali, midomo yake imekauka, na kando yake kulikuwa na kifurushi kidogo chenye uso mwekundu. Lakini mimi nilitazama juu ya kitanda. Palining'inia mfuko, na ndani ya mfuko mlikuwa na damu, na kutoka kwenye mfuko mrija ulishuka mpaka mkononi mwa mama.

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya yule msichana mrefu," mama akasema kwa sauti ya karatasi. "Walimpima yeye na wenzake wawili. Yake ndiyo iliyokubali."

Tamu. Tamu yote iliisha. Nilisimama pale na masikio yanawaka moto. Niliona biskuti zote nilizokula nikimkazia macho mtu aliyekuwa amempa mama yangu damu yake na kurudi akijikokota. Nilitoka nje nikamkuta Gogo kwenye benchi. Sikujua kusema samahani kwa lugha yake. Nikachukua kile kibuyu kutoka mikononi mwake, nikamimina maziwa kwenye kifuniko, nikanywa. Yalikuwa machachu na yalinikwaruza koo. Nikamimina tena.

"Pole pole," Gogo akasema. "Mama yako nayo anataka."

Siku mbili baada ya hapo zilikuwa, na nalisema hili bila kupunguza, siku nzuri zaidi za utoto wangu. Mercy alinifundisha kuchuma, majani mawili na kichipukizi, unakata kwa kidole gumba na kutupa nyuma begani bila kutazama. Nilitupa yangu nje ya kikapu, wanawake wakanizomea kwa upendo. Nilimfundisha Mercy kwamba baba ni mama na tata ni baba, na akazunguka shamba zima akimwita mama yake baba mpaka akafukuzwa. Kila alasiri mvua ya mawe ilishuka kama iliyopewa saa, tukajibana chini ya paa la kituo cha kununulia majani tukila mahindi ya kuchoma. Hakuna aliyeniuliza jina langu la pili.

Baba Mkubwa alifika siku ya nne. Dereva wa pikapu ndiye aliyempelekea habari. Alisimama langoni mwa Gogo akiwa na fimbo na kofia, na hakuingia. Nilimwona tangu mbali, na kwa mara ya kwanza nikaona alivyokuwa akiogopa. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. Mtu yule alikuwa amevuka kijito peke yake, katika wiki ile, kumfuata mtoto wa ndugu yake. Sitamnyima hilo.

Gogo alimkaribisha chai. Akakataa. Alimkaribisha kiti. Akakataa.

"Vaa viatu," akaniambia kwa Kikisii. "Twende nyumbani."

"Na mama?"

"Mama yako nimetoka kumwona. Nimesikia waliyomtia." Akatema mate kando. "Wametia damu yao ndani ya mtu wetu."

Chebet alikuwa kando ya jiko, bado dhaifu, akipepeta mahindi. Hakujua maneno lakini aliijua sauti. Aliacha kupepeta. Mimi nilitazama viatu vyangu vilivyopangwa mlangoni karibu na vya Mercy, na kitu fulani kikanishika miguu.

"Siendi," nikasema.

"Umesema nini?"

"Nimesema siendi. Nitaondoka na mama."

Katika ukoo wetu mtoto hakumwambia Baba Mkubwa siendi. Hata watu wazima walizunguka neno hilo. Alifungua lango, akaja, akanishika mkono. Nikaushika mwimo wa mlango kwa mkono wa pili. Mercy, ambaye hakuelewa lolote ila kwamba rafiki yake anavutwa, akanishika kiunoni akavuta upande wake. Tulisimama hivyo kama nguo inayokamuliwa. Hapo Gogo akaja katikati. Alikuwa mdogo sana mbele ya Baba Mkubwa. Alisema kwa Kiswahili chake, bila kupaza sauti.

"Mzee, ata mimi nyumba yangu ilichomwa. Mwaka ule. Ilibaki jiko tu. Watu wa kwenu ndio walichoma." Baba Mkubwa akatazama jiko. "Sasa mimi nimekuta mama ya huyu amelala kwa chai, tamu inatoka. Ningemuuliza kwanza kama ni yeye alileta kiberiti?"

Baba Mkubwa aliniachilia mkono. Kisha akageuka akaenda zake, na hakufunga lango. Mkono wangu ulikuwa na alama za vidole vyake mpaka kesho yake, na nilizionyesha kwa fahari kila mahali.

Mama alipotolewa hospitalini, Gogo na Chebet walitusindikiza mpaka stendi. Gogo ndiye aliyemshika mtoto njia nzima. Alimfunua uso, akamwambia mama, "Huyu amesaliwa mchana. Kwetu, wa mchana ni Chebet." Alisema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mama akamtazama yule Chebet mwingine aliyebeba mizigo yetu. Hakujibu.

Alijibu wiki mbili baadaye. Baba alikuwa amefika kutoka Naivasha na wazee wa ukoo wakakaa sebuleni kwetu ili mtoto apewe jina. Baba Mkubwa alitaja jina la marehemu mama yao, kama ilivyotakiwa. Wote wakaitikia. Mama alikuwa kwenye kiti cha pembeni, mtoto kifuani, na alipaswa tu kuitikia naye.

"Jina hilo ni zuri, na atakuwa nalo," mama akasema. "Litakuwa la pili. La kwanza ni Chebet."

Kilichofuata sikuweza kukisikia chote, maana wote walisema pamoja. Nilisikia aibu. Nilisikia maadui. Nilisikia mtu akiuliza huyo mtoto ataolewa na nani. Baba Mkubwa alisimama akasema nyumba hii haiwezi kuwa na jina la waliomchoma mshale. Mama alingoja wamalize. Alikuwa bado amepauka, lakini sauti yake ilikuwa imerudi yote.

"Siku ile nilikuwa nakufa kwenye njia yao," akasema. "Hakuna hata mmoja wenu aliyekuwapo. Siwalaumu, hamkuwapo tu. Yule msichana alikuwapo. Damu mnayoionea aibu ndiyo imenikalisha kwenye kiti hiki, na ndiyo inayotengeneza maziwa anayonyonya mtoto wenu. Kama ni chafu, semeni niache kumnyonyesha sasa hivi. Semeni."

Wote wakamgeukia baba, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu waketi. Baba alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa umenikera mara nyingi. Alimtazama kaka yake, akatazama sakafu.

"Mwenye kuzaa amesema," akasema. Akainuka akaenda kuchukua kalamu.

Tulilipia jina lile. Shuleni dada yangu aliitwa jasusi. Mwaka mmoja mbaya mtu aliandika jina hilo kwa mkaa kwenye ukuta wetu, na mama akaliacha hapohapo mpaka mvua ilipolifuta, akisema angalau wameliandika bila makosa. Dada alipoenda kuchukua kitambulisho, karani alimuuliza mara tatu kama ana hakika na alikotoka. Na kila mwaka, mwaka mzuri na mwaka mbaya, mama alivuka na ndizi. Kuna miaka miwili ambayo haikuwezekana, na katika mmojawapo Gogo alituma kibuyu kupitia kwa padri, kikiwa kimefungwa kwa gazeti na kamba ya sisali. Mercy sasa ni mwalimu kule Soin, na tunapigiana simu kugombana juu ya watoto wetu.

Dada yangu anaolewa mwezi ujao. Kamati ya ukoo ilikaa, na ikapendekeza kwa unyenyekevu mwingi kwamba kwenye kadi za mwaliko litumike jina la marehemu nyanya yetu peke yake, ili wageni wasichanganyikiwe. Dada yangu akajibu kwamba kadi zimekwisha kuchapishwa. Hazikuwa zimechapishwa. Alizipeleka kwa mchapishaji alasiri hiyohiyo.

Jana Baba Mkubwa alinipigia simu. Ana zaidi ya miaka themanini na bado anazungumza kwenye simu kana kwamba anaita ng'ombe ng'ambo ya kijito.

"Nimeona kadi," akasema.

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Wale watu watakuja?"

"Watakuja wote. Chebet anamleta Gogo kwa gari."

"Yule mama mzee bado yuko hai?"

"Yuko hai sana."

Nilisikia redio yake nyuma, na mtu akikata kuni. Nilijiandaa kwa lolote. Nilikuwa nimejiandaa tangu nikiwa na miaka kumi.

"Watakaa wapi?" akauliza.

"Mstari wa mbele, na mama."

"Na mimi?"

"Nafasi ziko, Baba Mkubwa," nikamwambia. "Lakini ukitaka kukaa karibu na Gogo, fika mapema."